Unga wa Vigae



Juma hili kalenda imekutanisha mambo mawili. Jumapili tuliadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021 na kuiweka Jumapili ya nne ya Julai, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, babu na bibi wa Yesu. Alhamisi, juma la 17 la Mwaka, somo la kwanza litatushusha pamoja na nabii Yeremia hadi nyumbani kwa mfinyanzi. Wazee na udongo. Nimekaa na mambo hayo mawili tangu Jumapili, na yamenipa neno la kuwaambia hasa ninyi mliostaafu, au mnaohesabu miezi iliyobaki.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tunaitumia methali hii kwa wazazi wenye watoto wadogo, na hapo ina haki yake. Lakini imegeuka kuwa hukumu juu ya wazee. Mwambie mtu wa miaka 62 ajifunze kupiga kinanda, au kushona, au kusoma nota za kwaya, atakujibu: "Baba Paroko, udongo wangu umeshakauka." Walio karibu watacheka kwa kukubali, na mazungumzo yataishia hapo. Nimelisikia jibu hilo kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye misiba, hata vitandani kwa wagonjwa. Ni jibu la huzuni, na naamini si la kweli.

Tumsome Yeremia, sura ya 18, taratibu. Bwana hamtumi hekaluni. Anamwambia ashuke mpaka nyumba ya mfinyanzi, na kwamba huko ndiko atakakosikizishwa maneno yake. Yeremia anashuka, anamkuta mtu yuko kazini kwenye gurudumu. Mfinyanzi hamwambii nabii neno lolote. Chombo kinaharibika mkononi mwake, naye anakifinyanga tena kuwa chombo kingine, kama alivyoona vema. Ni baada ya kutazama kazi hiyo ndipo neno la Bwana linapomjia Yeremia.

Sura ya 19 husomwa mara chache zaidi, nayo inawataja wazee waziwazi. Yeremia anatumwa kununua gudulia la mfinyanzi. Anaambiwa awachukue baadhi ya wazee wa watu na wazee wa makuhani, atoke nao hadi bonde la mwana wa Hinomu, penye lango la vigae. Huko analivunja gudulia mbele ya macho yao, na kusema kwamba Bwana atauvunja mji na watu wake kama chombo cha mfinyanzi kinavyovunjwa, kisiweze kutengenezwa tena.

Kati ya sura hizo mbili kuna moto. Udongo mbichi ukiharibika hurudishwa kwenye maji ukakandwa upya. Ukishapita motoni, joto likafika kwenye nyuzi 600 hivi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huondoka yasirudi. Hata ukiuloweka mwaka mzima hautalainika. Kwa hiyo mzee anayesema udongo wake umekauka amesema kidogo mno. Umechomwa. Ndoa imemchoma, misiba imemchoma, miaka thelathini ya kusimama mbele ya darasa au kukaa nyuma ya dirisha la benki imempa umbo ambalo halibadiliki kwa mahubiri ya dakika kumi. Hapo simbishii. Ninachobisha ni dhana kwamba habari yake imeishia hapo, kwamba chombo kilichochomwa kikivunjika hakina tena nafasi kwa mfinyanzi.

Hili nimefundishwa na mwanamke mzee, Mkisi aliyehamia huku kwetu kutoka kando ya Ziwa Nyasa. Nyanda za Juu Kusini tunawajua Wakisi kwa vyungu. Wanawake wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga bila gurudumu, kwa mikono tu, kisha vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, na kutoka hapo vinasafiri mpaka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Wengi wenu mlikulia kwenye maji ya mtungi uliotoka huko. Nilimwendea bibi huyo nikiwa nimeshavuka sitini. Kazi yangu ya miaka yote imekuwa ya kusema, nami nilitaka kazi ambayo mikono ndiyo inayojibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha mkeka. "Kaa chini, mwanangu," akasema. Kanisani huniita Padri. Penye udongo sijawahi kuwa Padri, na nimekuja kuipenda hali hiyo.

Kabla ya kunipa udongo alinipa kinu. Ndani yake mlikuwa na vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika: ukingo wa mtungi, kitako cha chungu cha mboga, kipande cheusi kwa masizi ya mtu aliyepika humo maisha yake yote. Kazi yangu ilikuwa kuviponda, nikichekecha, na vile vilivyobaki juu ya chekeche nikivirudisha kinuni. Nilimuuliza kwa nini tunasaga takataka wakati udongo mzuri uko pale kwenye ndoo. Akanijibu bila kuinua macho: "Udongo mtupu unaogopa moto. Kigae kimeshauonja. Kikiwa ndani, udongo mbichi hautishiki."

Hivi ndivyo inavyofanya kazi. Udongo mbichi ukikauka husinyaa, na ukichomwa husinyaa tena. Ukisinyaa bila mpango hujikunja na kupasuka. Kigae kimeshamaliza kusinyaa kwake siku nyingi zilizopita. Punje zake zikitawanyika ndani ya udongo mpya, zinaupunguzia mvutano, na zinaacha vinjia ambamo unyevu hutoka polepole badala ya kulipuka kwa mvuke. Chungu cha kupikia, ambacho kila siku kitatoka kwenye ubaridi na kuingia kwenye moto wa kuni, kinahitaji msaada huo kuliko chombo kingine chochote. Chungu kipya kinastahimili moto kwa sababu kimebeba ndani yake vyungu vilivyokufa.

Niliposikia hayo niliacha kutwanga. Nilikuwa nimesimama makaburini na wajane wengi, nimekaa na wastaafu wengi ambao simu zao ziliacha kulia wiki moja baada ya kukabidhi ofisi, na nilikuwa nikitafuta picha ya kuwapa ambayo haiwadanganyi. Sikutaka kumwambia mtu wa miaka 70 kwamba yeye bado ni udongo mbichi. Anajua si kweli, hata magoti yake yanajua. Lakini naweza kumwambia kwamba kwa Mfinyanzi huyu kigae hakitupwi jalalani, na nikamwambia kwa haki, kwa kuwa nimeona.

Kuna sharti, na bibi alilisimamia kwa ukali. Kigae lazima kipondwe. Niliona akiupitisha udongo uliokandwa kati ya vidole vyake, akasimama ghafla, akachomoa kwa ukucha punje moja yenye ukubwa wa kunde. Kipande kizima kikibaki ndani, udongo unaokizunguka utasinyaa na chenyewe hakitasinyaa, na ufa utaanzia hapohapo. Kigae kilekile kinachouimarisha udongo kikiwa unga, huupasua kikiwa kizima.

Wazee wenzangu, hapa ndipo pananiuma kwa niaba yetu. Tunaingia mahali papya na vigae vyetu vizima. Nilikuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa mkurugenzi. Sisi enzi zetu tuliijenga parokia hii kwa matofali ya kubeba kichwani. Yote ni kweli, na yote, yakiletwa mazima kwenye kikao cha vijana, huacha ufa. Nimeona kwaya ikigawanyika kwa sababu mzee mmoja hakuweza kukubali kwamba wimbo uliotungwa mwaka jana nao ni wimbo. Uzoefu uliopondwa haujitangazi. Unakaa ndani ya familia au jumuiya, hauonekani, na siku ya moto watu wanashangaa kwa nini hawakupasuka.

Unapondwaje basi? Mateso huponda wengine, lakini mateso hayaombwi. Njia moja iliyo wazi kwa kila mtu ni kujifunza, uzeeni, jambo ambalo cheo chako hakikusaidii chochote. Ndiyo maana nayapa uzito mkubwa yale ambayo watu huyaita ya kupotezea muda tu. Udongo hauulizi ulistaafu ukiwa daraja gani. Ukiuharakisha, ukuta wa chungu unalala. Ukiunyanyua wa juu kabla wa chini haujashika, vyote vinakaa chini. Unaweka safu, unaiacha ivute pumzi, unazunguka wewe badala ya kuuzungusha udongo, unarudi. Chungu hulainishwa kwa gunzi la mahindi kwa nje, na kikishakazana kidogo husuguliwa kwa kokoto la mtoni mpaka king'ae. Kisha hukaushwa kivulini siku nyingi, kwa sababu jua kali hukausha mdomo wakati kitako bado ni maji. Mtu aliyezoea kutoa amri na kuona zinatekelezwa kabla ya saa sita mchana anapewa hapo mwalimu ambaye hawezi kumhamisha kituo.

Nimesoma habari za watu wawili walioanza kufinyanga wakiwa wamekwisha kuchomwa na maisha, na nataka mwajue. Hawakuwa wa imani yetu, lakini Bwana aliyemsifu akida wa Kirumi hatatukataza kujifunza kwao.

Otagaki Rengetsu alizaliwa Japani mwaka 1791. Alifiwa na mume, akafiwa na watoto. Mwaka 1823 akawa mtawa wa Kibudha pamoja na baba yake mlezi, na baba huyo alipofariki mwaka 1832 akabaki peke yake mjini Kyoto, akiwa na miaka zaidi ya arobaini. Ndipo alipoanza kufinyanga birika na vikombe vya chai ili apate riziki, kwa vidole bila gurudumu, na juu ya udongo mbichi akawa anachora mashairi yake mwenyewe kabla ya vyombo kwenda tanuruni. Watu walivitafuta vyombo vyake mpaka alipofariki mwaka 1875. Vingi vipo hadi leo, na alama za vidole vyake bado zinaonekana juu yake. Mimi huwaza sana juu ya mikono ile. Ilikuwa ya mama aliyefiwa na watoto, kisha ikafinyanga vikombe vya kunywea chai.

Mwingine ni Mmarekani Beatrice Wood, mzaliwa wa San Francisco mwaka 1893. Alikuwa amenunua sahani za kung'aa huko Uholanzi, akakosa birika la kufanana nazo. Mwaka 1933, akiwa na miaka 40, akaenda kwenye darasa la watu wazima huko Hollywood ili alifinyange mwenyewe. Alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 105, na hata baada ya kutimiza mia alikuwa bado anafinyanga. Ukihesabu vizuri, maisha yake ya udongo yalikuwa marefu kuliko yale yaliyotangulia.

Miaka arobaini kwetu si uzee, mtasema. Sawa. Basi tuhesabu ya kwetu. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Sheria ya Kanisa inamwomba paroko awasilishe barua ya kujiuzulu akitimiza 75. Baada ya barua hizo mtu anaweza kuishi miaka kumi, ishirini, hata zaidi, na sisi kama parokia tumemwandalia nini? Kiti cha mbele siku ya Ekaristi. Nafasi kwenye kamati ya mazishi. Wastaafu wakikutana nje ya kanisa, mazungumzo ni kikokotoo na shinikizo la damu. Hayo ni mambo mazito, sitayadharau. Lakini mtu aliyeumbwa kwa udongo na kupuliziwa pumzi ya Mungu hakuumbwa ili miaka yake ya mwisho iwe ya kusubiri meseji ya pensheni.

Wapo wanaouliza, kitaniletea nini? Chungu cha mwanafunzi hakiuziki. Kwa nchi kama yetu, ambako mikono ya mzee bado inalisha wajukuu, swali hilo si la choyo, na yule anayelima ili wajukuu wale asione nimemwita mvivu wa roho. Jembe lake ni sala tayari. Nasema na wale waliobakiwa na saa za mchana mikononi na hawajui waziweke wapi. Kwao naona kazi isiyo na faida ya fedha ni zawadi hasa kwa sababu hiyo. Miaka yote walipimwa kwa matokeo. Sasa wanaweza kufanya kitu kwa sababu ni kizuri, kama Mungu alivyotazama vyote alivyovifanya, akaona ni vyema, wala hapakuwa na mnunuzi.

Nina neno pia juu ya wafinyanzi wenyewe. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamweleza mfinyanzi ameketi kazini akizungusha gurudumu kwa miguu, moyo wake wote uko kwenye kazi, halali mpaka tanuru liwe safi. Bin Sira anasema wazi kwamba mafundi hawa hawaitwi kwenye baraza la watu, wala hawaketi kiti cha hakimu. Lakini anasema pia kwamba bila wao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo ndani ya kazi ya ufundi wao. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 4, kinawataja wafinyanzi waliokaa pamoja na mfalme wakifanya kazi yake. Mstari mmoja tu, katikati ya orodha ndefu ya majina tunayoyaruka. Mimi nauona ni heshima kubwa.

Huku kwetu heshima hiyo imekuwa nyembamba. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, na tunalisema kwa wepesi, ilhali ni jambo zito. Sufuria na ndoo za plastiki zimewanyang'anya wanawake hawa soko, na chungu kilichofinyangwa kwa siku kadhaa kikasafirishwa kwa mtumbwi tunadai tupunguziwe bei. Mabinti zao wanaona hayo, wanaenda mjini. Bibi aliyenifundisha ana ujuzi ambao hakuna chuo kilichompa cheti chake: kuujua udongo kwa kuuonja kwa ulimi, kukijua chungu kilichoiva kwa mlio wake ukikigonga kwa kidole. Sijawahi kuona jina lake kwenye halmashauri ya walei. Mstaafu mwenye shahada akiketi miguuni pake, wanapona wote wawili. Mmoja anapata kazi kwa mikono yake, mwingine anapata mwanafunzi kabla hajafa na ujuzi wake.

Wanaotaka kuanza wasinunue gurudumu la umeme. Kigae kipana cha kuegesha kazi, maji, gunzi na kokoto vinatosha. Vigae vipondwe nje penye upepo, vikiwa vimenyunyiziwa maji, na mdomo na pua vifunikwe kwa barakoa ya kuzuia vumbi, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu. Wenye maumivu ya viungo walowanishe udongo kwa maji ya uvuguvugu na wafinyange vyombo vidogo. Chungu cha kwanza mpeni mjukuu awekee maua, wala msimwombee radhi.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya Yeremia, tutasikia Injili ya Mathayo sura ya 13. Mwishoni Yesu anamfananisha mwandishi aliyekuwa mwanafunzi wa ufalme wa mbinguni na mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Angalieni kwamba mtu huyo alikuwa mwandishi tayari, amesoma, ana heshima yake. Yesu anamtaka awe mwanafunzi. Nikodemo naye aliuliza usiku, mtu awezaje kuzaliwa akiwa mzee, na Bwana hakumwambia kwamba muda umepita.

Karibu kila mtaa wetu una mwanamke mzee anayejua kufinyanga, au kusuka ukili, au kutengeneza kitu ambacho mikono yako haijawahi kukijaribu. Waulize akina mama wa WAWATA, watakuonyesha nyumba yake. Mwendee kabla ya Jumapili ijayo, mwamkie, mwombe akufundishe, na siku ya kwanza usimweleze ulikuwa nani. Na umlipe.